Mama Anakuja Alhamisi na Sina Leseni

Duka la Miwani la Nur,
Mtaa wa Nyuma ya Soko la Samaki,
Sharja.
Jumatatu.

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Leseni za Udereva.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: USUKANI NILIONYIMWA, NA OMBI LA SIKU MOJA TU

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, kiyoyozi kinapuliza na chai ipo mezani. Kwangu afya ni njema, duka linakwenda, na joto ni lile lile unalolijua. Ninachokosa ni usukani.

Nianze kwa kujitambulisha, nisije nikadhaniwa mtu wa kuropoka. Jina langu ni Shauqi Rizq, mzaliwa wa Shubra, Kairo, mpima macho kwa kazi. Sahihi yangu mnaifahamu. Kila dereva wa mtaa huu anayekuja kwenu na cheti cha macho, cheti hicho nimekitia sahihi mimi. Mimi ndiye ninayeithibitishia Serikali kwamba fulani anaona. Wote niliowathibitisha wanaendesha magari, na jioni nikifunga duka wananipungia mkono kutoka madirishani, nami nimesimama kibarazani nasubiri mke wangu aje kunichukua.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi hii mama yangu, Hajja Tafida, anafika kutoka Kairo. Ni mara yake ya kwanza kupanda ndege, na mara yake ya kwanza kuona tunapoishi. Alinipigia simu wiki iliyopita akasema, "Shauqi mwanangu, usiniletee teksi. Mimi teksi za watu siziwezi. Uje mwenyewe na gari lako, uniendeshe kama zamani, tuongee njia nzima."

Nikamjibu, "Inshallah, mama."

Mke wangu, Inshirah, alikuwa anasikiliza. "Baba Hazim, mwambie huna leseni."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishafika."

Hivyo ndivyo nilivyofikia kukuandikia. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasikuchoshe.

KWANZA: KUITWA MWANAFUNZI

Mheshimiwa, nimeendesha gari Kairo tangu ndevu zangu zinahesabika. Marehemu baba alinifundisha kwenye gari lake dogo la rangi ya jivu, na mtihani wa kwetu niliufanya siku moja: kwenda mbele kati ya koni, kurudi nyuma kati ya koni, ahsante, mwingine aje. Nilipohamia hapa nilikuja kwenu na leseni hiyo nimeifunga kwenye plastiki. Dada wa dirisha la nne akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, kama anakagua samaki, akasema, "Misri haimo kwenye orodha ya nchi tunazobadilishia leseni, Ustadh. Utaanza na leseni ya mwanafunzi."

Mwanafunzi! Mimi, mwenye mvi na mtoto wa kidato cha tatu! Na leseni yenyewe ya mwanafunzi hainiruhusu hata kuligusa gari langu mwenyewe. Lazima liwe gari la shule ya udereva, lenye kibao juu ya paa na breki ya pili upande wa mwalimu, ili mji mzima ujue kuna mtu hapa hajui anachofanya.

Juma lile lile akaingia dukani kwangu kijana mmoja mhandisi, Veikko, kutoka Ufini. Nikampima macho. Alisoma herufi zote hadi jina la kiwanda kilichochapisha chati. Nikatia sahihi, akaenda kwenu, na chai niliyokuwa nimeimimina alipotoka bado ilikuwa ya moto aliporudi kunionyesha leseni yake mpya. Ufini imo kwenye orodha.

"Mzee Shauqi," akaniuliza kwa nia njema kabisa, "wewe ilikuchukua muda gani?"

Nikamwambia, "Bado naendelea."

Nilimdadisi alivyojifunza. Baba yake alimfundisha kwa gari la nyumbani, kisha wakampeleka uwanjani kujifunza kuteleza kwenye barafu, na nini cha kufanya mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi akitokea msituni. Mheshimiwa, barafu ya hapa iko kwenye glasi. Msitu hatuna. Ngamia tunao, lakini ngamia hatokei ghafla, unamwona anakuja mpaka unamchoka. Kijana huyu amefundishwa kukwepa vitu visivyokuwepo, akapewa leseni. Mimi nimefundishwa kukwepa watu, mikokoteni, mabasi na punda, wote kwa wakati mmoja, nikapewa kibao cha mwanafunzi.

PILI: HONI

Kwenu honi ni kitu cha dharura. Kwetu ni mdomo. Mtu wa Shubra akiingia barabarani anapiga moja fupi, kuwajulisha waliopo kwamba na yeye amefika. Mbili fupi ni kuomba njia. Moja ndefu ni kumkumbusha aliye mbele kwamba taa imekuwa ya kijani, na sisi tunapenda kumkumbusha kabla haijawa, asije akashtukizwa. Ipo ya harusi. Ipo pia ambayo ni tusi, lakini hiyo sikuipiga, nasema mbele ya Mungu.

Siku ya mtihani wangu wa kwanza nilikaa na mtahini wenu, Luteni Ghanem, mtu mpole mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Nyuma walikaa wanafunzi wengine wakisubiri zamu zao. Tulipotoka getini nikapiga moja fupi.

Luteni akageuka. "Umemwona nani?"

"Sijamwona mtu, afande."

"Sasa unampigia nani?"

"Yeyote atakayekuwepo."

Akaandika. Tulipofika kwenye kona nikapiga mbili, za kona. Akaandika tena. Nilipoona anaandika sana nikadhani amependezwa, kwa hiyo nikaongeza. Fundi bomba mmoja wa Peshawar aliyekaa nyuma yangu akaninong'oneza, "Ustadh, nakuomba, iache hiyo honi, utatufelisha sote." Na kweli siku ile hakufaulu mtu, ingawa sidhani kama ilikuwa kwa sababu yangu.

TATU: NAFASI ISIYO YA MTU

Kwenye mtihani wa pili mikono yangu haikuikaribia honi. Tulikuwa kwenye barabara ya njia tatu, taa ikawa nyekundu, magari yakasimama, kila moja kwenye njia yake kama watoto wa shule. Katikati ya la kwanza na la pili palikuwa na nafasi ya kutosha. Mpima macho anaposema ya kutosha, anajua anachosema. Nikaanza kuingia.

"Ustadh, unakwenda wapi?"

"Hapo, afande. Kuna nafasi."

"Hiyo si nafasi, huo ni mstari."

"Mstari umelala chini, afande. Hauzuii kitu."

"Hapo si pako!"

"Ni pa nani?"

"Si pa mtu!"

Neno hilo limenikaa rohoni hadi leo. Si pa mtu! Yaani mmemwaga lami safi, mmeisawazisha, mmeichora, kisha katikati yake mmeacha barabara ndefu nyembamba isiyo ya mtu, inachomwa na jua bure, wakati watu wanachelewa kazini. Kwetu, kwenye daraja kubwa la katikati ya mji, njia tatu zinabeba magari matano na mwendesha baiskeli mwenye trei ya mikate kichwani, na wote wanafika. Ninyi mnaita fujo. Sisi tunaita kutotupa neema.

NNE: KUMZUIA MTU ALIYEKOSEA ASIRUDI

Hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa kuwa linagusa dini.

Mtihani wa tatu ulikuwa unakwenda vizuri mno. Honi kimya, mistari naiheshimu kama kaburi la mtu. Luteni akalegea, akaanza kunieleza habari za goti lake, nami nikamshauri kuhusu mafuta ya habasoda. Katika maongezi hayo akasema, "Toka kulia hapo," na mimi nikawa nimeshapita.

Nikafanya ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Niliwasha taa za tahadhari, nikasema bismillah, nikaingiza rivasi, nikaanza kurudi.

Barabara ya mzunguko ya Kairo jambo hili inalielewa. Mtu amepitiliza, anarudi. Walio nyuma wanampisha kushoto na kulia, mwingine anatoa mkono dirishani kumwelekeza, na abiria mwenye utu anashuka kabisa kumwongoza. Lakini Luteni alikanyaga breki yake, akashika dari kwa mikono miwili, masharubu yakamwinuka.

"Unafanya nini wewe?"

"Narudi, afande. Si umesema nitoke kulia pale?"

"Ukipitiliza unaendelea mbele! Unatafuta pa kugeuzia!"

"Hata kama najua kwamba nimekosea?"

"Hata kama!"

Mheshimiwa, ni kanuni gani inayomwambia mtu kwamba akishajua amekosea azidi kwenda? Kila mzazi, kila mwalimu, kila khatibu wa Ijumaa anatuambia tukikosea turudi. Mafundisho hayo nimeyasikiliza hadi nimeota mvi, nikayatekeleza kwa vitendo mara moja tu, nikafelishwa.

TANO

Hili lilihusu kiti cha gari la mafunzo ambacho springi yake ilikuwa inanichoma. Nimesikia kimetengenezwa. Kwa hiyo la tano naliondoa, na ninawashukuru.

SITA: HENDIBREKI

Sasa tuje kwenye uwanja wa kuegesha, ambako, bila kujisifu, hamna mtu wa kunifikia. Mtaa wetu wa Shubra una magari kuliko watu, na mtaa wenyewe ni mwembamba. Safu ya kwanza inaegesha ukutani. Safu ya pili inaegesha ubavuni mwa ya kwanza. Sasa yule wa ukutani atatokaje asubuhi? Anatoka kwa adabu ya jirani. Ukiegesha safu ya pili unaacha gia huru na hendibreki chini, ili mwenzako akitaka kutoka alisukume gari lako mbele kidogo, atoke, aende zake. Mtu anayevuta hendibreki mtaani kwetu ni mtu wa kusemwa. Ni sawa na kuufunga mlango wa jirani kwa kufuli lako halafu ukaenda kazini na ufunguo.

Siku ya mtihani wa nne niliingia kati ya koni kwa mkupuo mmoja, bila kujirekebisha, bila kugusa chochote. Luteni Ghanem mwenyewe akasema, "Vizuri sana." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwenye Idara yako, Mheshimiwa, na ilinipa furaha, sikufichi. Nikazima gari. Nikaacha gia huru. Hendibreki nikaiacha chini. Nikashuka, nikafunga mlango polepole, nikasimama pembeni na mikono nyuma.

Uwanja ule una mteremko. Mimi ni mpima macho na sikuuona. Gari likaanza kwenda, tena taratibu, halina haraka. Tulisimama tunalitazama. Likaangusha koni ya kwanza, likaangusha ya pili, likavuka njia ya watembeao kwa miguu, ambako kwa bahati hapakuwa na mtu, likaenda kuegemea kibanda cha chai. Hakuna aliyeumia. Ilivunjika glasi.

"Hendibreki!" Luteni akapaza sauti. "Iko wapi hendibreki?"

"Ipo, afande. Nimekuachia huru uweze kulisogeza."

"Nilisogeze wapi?"

"Popote utakapopenda."

Hakuelewa. Aliyeelewa ni muuza chai, mtu wa Aleksandria, aliyetoka kibandani mwake na birika mkononi. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Uliliacha huru?"

"Niliacha."

"Wallahi wewe umelelewa," akasema, na glasi akanisamehe pale pale.

Kwenye fomu yangu imeandikwa kwamba gari liliachwa likajiendea. Naomba maneno hayo yarekebishwe. Gari liliachwa kwa ukarimu.

SABA: MKE WANGU

Inshirah hajawahi kushika usukani Kairo. Siku moja tu marehemu baba alimwekea mikono juu yake, gari likiwa limezimwa, ili apigwe picha. Amekuja hapa, amechukua leseni ya mwanafunzi bila kinyongo, amefundishwa na mwalimu mwanamke, amekwenda kwenye mtihani akiwa na kitambaa kipya kichwani, amefaulu mara ya kwanza.

Nilimuuliza, "Ulifanya nini?"

Akasema, "Walichoniambia."

Hapo ndipo nilipong'amua siri ya mtihani wenu. Aliambiwa asipige honi, hakupiga. Aliambiwa akae ndani ya mstari, akakaa. Hakuongeza chochote cha kwake. Sasa kila asubuhi ananiendesha hadi dukani, nami nateseka. Anasimama kwenye taa ya njano, Mheshimiwa! Kwetu njano ni rangi ya kuwahi. Anampisha kila kiumbe. Juzi alisimama kumpisha mtu aliyekuwa pembeni mwa barabara akiongea na simu, hana habari ya kuvuka, tukamngoja amalize mazungumzo yake.

"Mama Hazim, nenda!"

"Nakwenda. Acha kukanyaga, upande wako hakuna breki."

Ukiyapanga haya sawasawa, Mheshimiwa, utaona yanaelekea wapi. Asiyejua kitu alifaulu mara moja. Veikko, anayejua barafu, hakufanyishwa hata mtihani. Mimi, ninayejua kila kitu, nafeli kila mara. Maana yake ni kwamba mtihani wenu unapima kutokujua, na kadiri mtu anavyofeli ndivyo anavyothibitika kuwa dereva. Kwa hesabu hiyo, hakuna dereva katika mji huu aliyethibitika kunishinda, na ushahidi wote mnao ninyi wenyewe kwenye jalada langu.

MAOMBI YANGU

Kwa hiyo naomba kwa heshima nipewe kibali cha siku moja, Alhamisi, kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani. Honi nitaifunika kwa kitambaa. Nikipitiliza nitaendelea mbele, hata ikinilazimu kufika Omani.

Ikiwa sheria hairuhusu, basi naomba haki iende pande zote mbili. Kijana Veikko apelekwe Kairo, Uwanja wa Ramses, saa ambayo ofisi zinafungwa, apewe gari lisilo na breki ya pili, aambiwe azunguke mara moja tu na arudi. Akitoka kabla ya magharibi, leseni yake ni halali kwake. Akikutwa bado amesimama anangoja apishwe, basi apewe chakula, arudishwe kwao salama, na leseni yake nipewe mimi. Nampenda kijana huyu, na nitamwandalia barua ya utambulisho kwa shemeji yangu ambaye ana duka la vitanda karibu na pale.

Pia naomba pawepo na njia moja ya Wamisri, isiyochorwa mistari. Haihitaji kuwa pana. Sisi tutajipanga wenyewe. Na kile kibao cha mwanafunzi kivalishwe kila mtu ambaye hajaendesha Kairo, Mheshimiwa ukiwemo, bila kukuvunjia heshima.

Lakini nikiambiwa nichague moja, nachagua Alhamisi. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa nikimwendesha mama kila Ijumaa hadi Helwan kwa dada yake, na gari lile lile la rangi ya jivu. Katika maisha yangu kuna mambo mengi ambayo nimeyafanya nusu nusu, lakini hilo nililifanya. Sasa anakuja nchi ya watu, ananitafuta kwenye usukani, ananikuta nimekaa nyuma na mizigo. Naona haya, Mheshimiwa. Nasema wazi kwa kuwa barua haioni uso.

Kwa leo naishia hapo. Nisalimie Luteni Ghanem, mwambie mafuta ya habasoda yapakwe yakiwa ya vuguvugu. Nisalimie dada wa dirisha la nne, muuza chai na nyumbani kwake, fundi bomba wa Peshawar ambaye nimesikia amefaulu, walinzi wa getini, na wote watakaouliza habari zangu. Wasiouliza pia nisalimie.

Wako mtiifu katika kiti cha abiria,

Shauqi Rizq,
Mpima Macho.

N.B. Mheshimiwa, leo ni Ijumaa na barua hii bado iko mfukoni, kwa kuwa Jumanne dirisha lenu lilikuwa na watu wengi na Jumatano niliishiwa na ujasiri. Mama amefika. Nalazimika kuongeza maneno machache.

Alitoka mlangoni pale uwanja wa ndege na kikapu cha jibini na majani makavu ya mulukhiya, mlenda wetu wa Kairo, akanikumbatia, akamkumbatia Inshirah, tukaenda hadi kwenye gari. Nikamfungulia mlango wa mbele, akakaa. Kisha nikaenda nyuma, nikaingia.

"Shauqi, mbona umekaa huko?"

Nikajifanya napanga mizigo.

"Na gari ataendesha nani?"

"Ni mimi, mama," Inshirah akasema, akifunga mkanda.

Basi nikamweleza yote pale pale, kabla gari halijawashwa: honi, mstari, kurudi nyuma, kibanda cha chai. Nilikuwa natazama kisogo chake, nikisubiri. Alirekebisha ushungi, akatuambia twende.

Hatujaimaliza barabara ya uwanja wa ndege, kichwa chake kikaegemea kioo. Nikaogopa. "Mama Hazim, simamisha, mama amezidiwa!"

"Amelala, Baba Hazim. Sikiliza, anakoroma."

Ni kweli alikuwa anakoroma. Mheshimiwa, mimi nimemwendesha mama yangu kwa miaka, sijawahi kumwona akilala garini, hata dakika moja. Nilijua ni mtu asiyependa usingizi wa mchana. Nikakaa namwangalia njia nzima. Inshirah alisimama kwenye kila taa ya njano na wala sikukanyaga chochote.

Tulipofika akafungua macho. "Tumefika? Mbona ni karibu hivi?" Si karibu. Tulikuwa tumevuka mji wote.

Nikamwambia, "Mama, kwangu hukuwahi kulala."

Akanishika shavu, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo na homa. "Mwanangu, wewe ulikuwa unatafuta nafasi. Ilibidi mmoja wetu aangalie barabara."

Leo baada ya sala amemwomba Inshirah ampeleke kutazama bahari. Mimi nimeachiwa sufuria ya mulukhiya, niiangalie isichemke ikamwagika, na ndiyo maana karatasi hii ina madoa.

Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu nayafuta, kuanzia la kwanza hadi la saba, pamoja na la tano ambalo nilishalifuta. Kijana Veikko aachwe na leseni yake. Njia ya Wamisri msiijenge, nakusihi. Mtihani wangu mwingine ni wiki ijayo. Naomba mtahini awe Luteni Ghanem yule yule, wala asinihurumie. Mama yupo kwetu hadi baada ya Idi, na nataka kabla hajaondoka nimwendeshe mimi, siku moja tu, naye alale.